Dadu Moja, Sudan Moja: sanduku la somo la uhamaji baada ya muhula mzima S.2

Nilinunua sanduku hili wiki ya kufungua shule, mwezi wa pili, katika duka la ghorofa ya chini karibu na Nasser Road, kati ya mashine zinazochapa kalenda na kadi za harusi usiku na mchana. Muuzaji alitaja shilingi 220,000. "Hajati, hiyo ni bei ya walimu." Makka sijafika, ila Kampala mwanamke akijifunga hijabu na kuvuka miaka arobaini, hata konda wa taksi anamwita Hajati, nami nilishachoka kukanusha. Tulivutana mpaka 180,000. Shule ilitoa nusu, baada ya mimi kumfuata dairekta mara tatu. Nusu ya pili ilitoka kwenye mkoba wangu. Kwa hiyo maneno yangu hapa yamelipiwa.

Ndani kuna ramani ya turubai yenye ukubwa wa shuka, kadi 48 za historia, kadi 30 za vitu vya nyumbani, ubao wa mchezo, dadu mbili, kitabu cha mwalimu cha Kiingereza na Kiswahili, na flashi yenye sauti. Langu lilikuja na dadu moja. Flashi haikufunguka kwenye kompyuta yoyote pale shuleni, basi sina la kuisemea.

Nafundisha Kiswahili na historia katika sekondari ya binafsi upande wa Makindye. S.2 yangu, yaani kidato cha pili, ni watoto 64 kwenye chumba kilichojengwa kwa ajili ya 40. Karibu theluthi yao, wao wenyewe au wazazi wao walitoka nje: Wakongomani ndio wengi, kisha Wasudan Kusini, Waeritrea wawili, Mrundi mmoja, na binti wa Kisomali ambaye baba yake ana duka Kisenyi. Waliobaki ni Waganda, Wanyankole, Waacholi, na kijana mmoja wa Yumbe. Mwalimu wao, ndiye mimi, ni Mnubi wa Bombo, kizazi cha askari wa Kisudan walioletwa na Waingereza. Nayataja haya mapema kwa sababu sanduku limetengenezwa, naona, kwa darasa ambalo wahamiaji wako kwenye picha, si kwenye dawati.

Nianze na ramani, maana ndiyo iliyonitia aibu. Niliitundika ukutani, nikarudi nyuma kuitazama, na kabla sijafungua kinywa kijana mmoja wa nyuma akasimama. "Mwalimu, kwetu hakupo." Nikadhani anatania. Nikasogea. Kweli, Sudan ilikuwa moja tangu mpaka wa Misri hadi Nimule, mpakani na Uganda, yote rangi ya njano. Sudan Kusini ilijitenga tarehe 9 Julai 2011. Nusu ya darasa langu lilizaliwa mwaka huo au baada yake. Aliyechapa alichukua ramani ya zamani, akaipaka mishale myekundu ya uhamaji, akaiuza kama mpya.

Ila somo lililonoga kuliko yote wiki ile lilitoka kwenye kosa hilohilo. Niliwapa Wasudan Kusini wanne kalamu ya wino mzito, wachore mpaka wenyewe. Walianza kwa kelele, kila mmoja fundi. Walipokaribia Abyei, eneo linalogombewa na Sudan zote mbili, mkono ukasimama. Wakaanza kubishana kwa Kiarabu cha Juba kama sehemu ile iingie juu au chini, na mimi nawasikia vizuri kabisa, kwa sababu Kinubi chetu na Kiarabu cha Juba ni ndugu wa tumbo moja. Nikawaambia kwa Kinubi wapitishe nukta nukta tu, hata wakubwa wao hawajalimaliza neno hilo. Wanne wote waligeuka kunitazama. Muhula mzima uliopita hawakujua kwamba nawaelewa wanaponisema.

Sasa jina. Kifuniko kimeandikwa SANDUKU LA UHAMIAJI kwa herufi kubwa. Kwa mtoto wa Kampala uhamiaji ni ofisi: paspoti, mihuri, baba kaamka saa kumi usiku kuwahi foleni. Kuhama kwa watu ni uhamaji, na mtunzi wa kitabu cha somo alipaswa kulijua hilo kabla ya kuchapa. Nilibandika karatasi juu ya ile "i". Ndani mambo ni mabaya zaidi: kila ukurasa kuna "ujumuishaji wa kitamaduni". Mara ya kwanza nilipolitamka darasani, madaftari 64 yalifunguka kwa pamoja na kalamu zikatoka. Walidhani nimetangaza shughuli ya ujumuishaji, ile kazi ya mwisho wa sura katika mtaala mpya ambayo walimu na wanafunzi wote tunaiita AOI. Ilinichukua dakika tano kuwatuliza.

Basi nikaliacha neno lao, nikaandika ubaoni maneno yetu. Hama. Hamia. Hamisha. Hamishwa. Kila mtu achague tendo la familia yake na aseme sababu kwa sentensi moja. Hili halimo kwenye kitabu, ila yeyote anayefundisha Kiswahili atakwambia kwamba viambishi vile vina somo zima ndani yake: nani alitenda, nani alitendwa, na alielekea wapi. Msichana mmoja wa Kikongomani alisema hajui achague lipi, kwa sababu walianza kwa kuhama na wakamaliza kwa kuhamishwa. Kijana wa Kiganda wa dawati la mbele, mtoto mpole, shati limepigwa pasi kama la benki, akasema, "Sisi hatukuhama." Nikamwandikia sufuri. Nitamrudia.

Kitu kinachostahili fedha yako humu ndani ni mchezo wa mkoba. Kadi 30 za vitu zinatandazwa mezani: godoro, sufuria, mbuzi, simu, chaja, jerikeni, picha ya familia, kitabu cha dini, cheti cha shule, na kadhalika. Kikundi kinapewa sekunde 60 kuchagua vitu vitano, halafu wanarusha dadu na kusogea ubaoni: mto, kizuizi cha barabarani, lori limeharibika, kituo cha mapokezi, foleni. Kuna mraba umeandikwa "Rudi kesho", na ukiukanyaga unapoteza zamu. Darasa zima lilivunjika mbavu kwa mraba ule, mgeni na mwenyeji, maana hakuna anayeishi Uganda ambaye hajaambiwa rudi kesho kwenye dirisha fulani. Aliyebuni mraba ule anaijua nchi hii, na nampa heko.

Kikundi cha kwanza kilikuwa wavulana watatu wa Kiganda na wasichana wawili wa Kikongomani. Wavulana walinyakua simu, chaja, viatu, pesa, wakabaki wanabishania nafasi ya tano: mbuzi au godoro? Mmoja wa wasichana, ambaye kwangu hainui mkono mpaka nimtaje jina, akaisukuma kadi ya godoro pembeni kwa kidole. Akaitafuta kadi ya cheti cha shule chini ya rundo. Akaiweka juu ya chaja.

"Chaja utaazima," akasema. "Cheti hakiazimwi. Mimi nilifika hapa niko darasa la sita. Hakuna karatasi, Kiingereza sijui, wakanirudisha P.3."

Sekunde ziliisha, hakuna aliyegusa kadi nyingine. Wavulana wale wamekaa naye darasa moja tangu S.1, na mara nyingi nimewasikia wakimwita jaja, yaani bibi, kwa sababu ana miaka 18. Siku ile mmoja wao alihesabu kwa vidole, sita mpaka tatu, kisha akaufunga mkono. Tangu hapo jaja sijaisikia tena.

Ningependa kuishia hapo kuhusu mchezo huu, lakini kuna jambo linalonifanya nisimpe mtu sanduku hili bila kumketisha kwanza. Kitabu kinamwagiza mwalimu ahesabu sekunde kwa sauti huku akipiga meza, "ili kujenga hali halisi". Nilitii. Kikundi cha nne, nilipofika arobaini na kitu, mtoto mmoja aliinuka akatoka. Nilimkuta kwenye bomba ananawa uso, ananawa tena, maji yanamwagikia viatu. Sikumwuliza chochote. Nilisimama upande wa jua mpaka akamaliza, tukarudi, nikawaambia wengine kwamba dadu imepotea.

Kitabu cha mwalimu hakina hata mstari mmoja juu ya hili. Kinaeleza jinsi ya kukata kadi, jinsi ya kuhifadhi turubai lisikunjike, jinsi ya kutoa alama, lakini hakikuwaza kabisa kwamba anayeambiwa achague vitu vitano kwa sekunde 60 huenda alishawahi kuchagua. Nchi hii ina wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika. Unauzaje sanduku kama hili Kampala bila kufikiria hilo?

Tangu siku hiyo nacheza hivi. Saa ya ukutani, hakuna kuhesabu kwa sauti wala kupiga meza. Kabla ya kuanza nasema wazi kwamba nahitaji watunza saa wawili, waandishi watatu na mwamuzi, na kazi hizo ni za anayezitaka, bila maswali. Hakuna anayeombwa asimulie ya kwao. Akisimulia mwenyewe, tunasikiliza. Na siuchezi Ijumaa, mtoto akaenda nalo nyumbani siku mbili bila mtu wa kuzungumza naye. Mtoto yule wa bombani sasa ndiye mwamuzi wangu, mkali kuliko mimi; alimnyima kijana mmoja zamu kwa kurusha dadu kabla ya kuambiwa.

Chini ya jina, kwenye kifuniko, pamechorwa jembe na methali: Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali nzuri, nimeifundisha miaka. Shida ni jinsi kitabu kilivyoitumia. Sura nzima ya mwisho ni swali moja, "Mgeni afanye nini ili akubaliwe na jamii?", na majibu kumi yametolewa tayari: ajifunze lugha, asalimie kwa desturi ya mahali, ale chakula cha wenyeji, na kuendelea. Upande wa wenyeji umepewa mstari mmoja: wawe wavumilivu. Nilisoma yote kumi kwa sauti. Nilipofika kwenye jembe, binti aliyezaliwa Kyangwali, kwenye makazi ya wakimbizi, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, jembe tulipewa. Shamba je?"

Watu wakacheka, lakini yeye hakucheka. Kwa hiyo tukaifunga sura, tukazungumza shamba. Niliwaeleza Sheria ya Wakimbizi ya 2006, inayomruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea nchini, jambo ambalo majirani zetu wengi hawalitoi kirahisi. Niliwaeleza desturi ya kuipa familia kipande cha ardhi kwenye makazi badala ya kuwafungia kambini, na jinsi kipande hicho kilivyokuwa kikipungua kadiri watu walivyoongezeka. Bidi Bidi, makazi ya wakimbizi kule Yumbe, ilipofunguliwa Agosti 2016 kilikuwa mita 30 kwa 30. Tukatoka nje, tukapima mita 30 kwa hatua kwenye uwanja wa netiboli. Msichana wa Kiacholi aliyekulia shambani akasimama kwenye kona, akazungusha macho, akasema hapo ukitoa nyumba, choo na mahali pa kuanikia, kinachobaki ni mboga, si chakula cha mwaka.

Ndipo kijana wa Yumbe, ambaye alikuwa amenyamaza muda wote, akasema: "Lakini ardhi hiyo ni ya wazee wetu. Wao ndio waliitoa. Serikali haikuwa na ardhi pale." Kisha akaongeza, kama mtu anayetoa ushahidi: "Na wazee wetu nao walikuwa wakimbizi Sudan, baada ya Amin kuanguka. Baba yangu alizaliwa huko." Yule wa Kyangwali akamwuliza kama huko walipewa shamba. Akasema atamwuliza baba. Wiki iliyofuata alikuja na jibu, baba alisema waliishi kambini na walilima, na kengele ya chakula cha mchana ililia wakati wawili hao bado wanalinganisha mtama na mihogo.

Kitabu hakikuniletea mazungumzo hayo. Kilileta swali la upande mmoja na watoto wakaligeuza wenyewe. Mimi nililigeuza kwa herufi mbili tu. Mgeni anazoea, hilo ndilo kitabu kinataka. Nikaongeza -na: mmezoeana vipi? Majibu yalikuja mpaka nikakosa nafasi ubaoni. Msichana wa Bukavu alisema mara ya kwanza kuona msichana mwenzake anapiga magoti kumsalimia mtu mzima alicheka mpaka akapigwa kibao na mama yake. Sasa anapiga magoti kwa mama mwenye nyumba, ila nyumbani kwao hapigi. Msichana wa Kiganda alisema mama yake hupika sombe, majani ya mihogo, siku za Jumapili, alifunzwa na jirani anayetembeza vitenge. Mvulana mmoja akaniambia bila haya, "Kiswahili nilijifunza kwao uwanjani, Mwalimu, siyo kwako." Sikukataa. Kwa Waganda wengi wa umri wangu Kiswahili kilikuwa lugha ya askari na wezi, mtoto akikisema nyumbani anaulizwa amekitoa wapi. Leo Katiba inakiita lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005, mtaala unakidai, na bado anayekifundisha vizuri ni mtoto wa Kikongomani mwenye mpira.

Kwenye kadi za historia nitachagua chache, nyingine ni za kawaida, Wabantu wamekuja, Waluo wamekuja, mshale huku, mshale kule, mambo ambayo watoto waliyakariri P.5.

Kadi ya Wapolandi ni lulu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili maelfu ya Wapolandi, wengi wanawake na watoto, waliokuwa wamepelekwa kwa nguvu ndani ya Umoja wa Kisovieti, walipitia Iran wakaletwa Afrika Mashariki. Hapa kwetu walikaa Nyabyeya, Masindi, na Koja, kando ya Ziwa Viktoria upande wa Mukono. Kanisa walilojenga Nyabyeya lipo hadi leo. Picha ilizunguka darasani na hakuna aliyeamini. "Mzungu mkimbizi? Uganda?" Mwanafunzi wa Eritrea aliishika kadi ile muda mrefu kuliko wote, akauliza kama na wao walipanga foleni. Kwa kadi hii peke yake ningelipa 20,000.

Kadi ya 1972 imeandikwa na mtu mwoga. "Waasia waliondoka Uganda." Waliondoka kama wanaokwenda harusini? Agosti 1972 Idi Amin aliwapa siku 90. Ubaoni bado palikuwa na hama, hamia, hamisha, hamishwa; watoto wenyewe walisema hakuna hata moja linalotosha, wakaongeza fukuzwa. Lakini nyuma ya kadi hiyohiyo kuna jambo zuri: tangazo ambalo halmashauri ya jiji la Leicester, Uingereza, ililiweka kwenye gazeti la Uganda Argus mwaka ule, likiwasihi wanaofukuzwa wasiende Leicester, shule zimejaa, nyumba zimejaa. Waliofika Uingereza ni zaidi ya 27,000, na wengi walielekea Leicester vilevile. Leo jiji hilo linajulikana kwa sherehe zake za Diwali. Niliwaambia wanafunzi waliandikie tangazo lile jibu kana kwamba wao ndio waliofukuzwa. Jibu fupi kuliko yote lilitoka kwa Msomali wangu: "Tumesoma. Tunakuja. Tuna duka."

Wanubi hatumo. Kadi 48, sisi hakuna. Nilizipanga zote sakafuni usiku mmoja nikazihesabu mara mbili, mume wangu ananicheka. Askari wa Emin Pasha, gavana wa Equatoria kule Sudan, waliobaki upande wa Ziwa Albert, Lugard, afisa wa Kiingereza, akawachukua 1891 na kuwaleta huku na wake zao na watoto wao. Tukawa jeshi la Waingereza, tukawekwa Bombo na kwingine, tukasuka mikeka, tukasema Kiarabu chetu kilichovunjika mpaka kikawa lugha. Ukitafuta mfano wa watu waliokuja na wakawa wa hapa bila kuacha kuwa wao, uko kilomita chache kutoka kiwandani walikochapa sanduku. Kadi ya 49 niliiandika mwenyewe kwa mkono kwenye manila.

Na kwa sababu ya kadi ile tukaingia kwenye Katiba, jambo nililokuwa sijapanga. Katiba ya 1995 ina jedwali la makabila yanayohesabiwa kuwa ya asili ya Uganda. Yalikuwa 56, mwaka 2005 yakawa 65. Wanubi tumo. Wanyarwanda wamo. Kipimo ni kuwa ndani ya mipaka ya Uganda tarehe 1 Februari 1926. Niliiandika tarehe ile ubaoni na kuizungushia duara. Ukija siku ya kabla yake wewe ni mwenyeji. Ukija siku ya pili yake, mjukuu wako bado anaulizwa. Yule wa Kyangwali akauliza: aliyezaliwa hapa hapa je? Nikamjibu kweli, kwamba kuzaliwa hapa hakutoshi, na kwamba kifungu kinachowaruhusu waliozaliwa hapa kujiandikisha kuwa raia kinawatoa nje wale ambao wazazi au mababu zao walikuwa wakimbizi. Aliandika kwenye daftari, akapiga mstari chini kwa rula. Sikuwa na la kumwongezea, nikafuta ubao.

Kijana wa shati la pasi nilisema nitamrudia. Kuna kadi ya watu wa Ruanda-Urundi waliotembea kwa miguu kuja Buganda kulima pamba na kahawa ya wenyewe, miaka ya 1920 na kuendelea. Waganda waliwaita abapakasi. Mwalimu wa Kiswahili hawezi kulipita neno hilo: ni wapagazi wetu, limevaa kanzu. Niliwapa kazi ya nyumbani, wakusanye maneno ya Kiswahili yaliyojificha kwenye Luganda ya jikoni kwao, wakarudi na emmeeza, essaawa, ekitabo, sabbuuni, na omupakasi nikawaandikia mimi. Sehemu ya pili ya kazi, hii imo kwenye kitabu na ni nzuri sana: mwulize mtu mzee kuliko wote nyumbani, baba wa babu yake alitoka wapi.

Jumatatu kijana wangu alinisubiri mlangoni wengine walipotoka. "Mwalimu, jaja kasema baba yake alikuja kwa miguu. Alimlimia mtu kahawa Masaka. Yule mtu akamwingiza kwenye ukoo wake, akampa jina." Alikuwa anasema polepole, kama anayejaribu kiatu. Nikamwuliza kama ataliandika kwenye daftari. Akafikiri. "Niandike alitoka mbali." Nikamwambia inatosha. Ile sufuri nilikuwa nimeiandika kwa penseli, nikaifuta mbele yake.

Kwa hiyo, ununue? Kama una darasa la wanafunzi 40 hivi, vipindi viwili vilivyoungana, na moyo wa kukirekebisha kitabu, ndiyo, usilipe zaidi ya 180,000. Darasa la 60 na zaidi utahitaji masanduku mawili au kuzipiga picha kadi na kuchapa nakala, maana vikundi vya watu kumi na mbili kwenye ubao mmoja ni vita. Karatasi ya kadi ni nyembamba. Zangu zilianza kukunjika pembe wiki ya tatu, nikazipeleka kwa kijana wa lamineshini, 500 kila moja, jambo ambalo mtengenezaji angelifanya kwa nafuu. Bawaba ya kifuniko ilikatika mwezi wa tatu na sasa sanduku linafungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Usimpe mwalimu mgeni ambaye hajui watoto wake wametoka wapi. Kwanza awajue, sanduku litamsubiri. Shule za msingi, P.6 na P.7, watumie kadi za historia na ramani, mchezo wa mkoba wauache.

Nilimpigia muuzaji mwisho wa muhula kumweleza haya yote, kwa adabu, kwa orodha. Alisikiliza vizuri.

"Hajati, toleo jipya linakuja muhula wa tatu. Ramani wamebadilisha, Sudan zipo mbili."

"Na kitabu cha mwalimu?"

"Hicho ni kilekile."

"Na dadu?"

Nikasikia anafungua sanduku, anapekua. "Hili nililonalo hapa," akasema, "lina tatu."